Makala ya kurasa sita ya mwaka 1958: Denis Burkitt alipata wapi uzito wake katika utafiti wa saratani?

#1 Mkutubi wa Zamu

Wakuu, habari za jioni.

Nafanya kazi katika maktaba ya chuo kimoja cha afya. Kila mwaka wahadhiri wanapoomba kupandishwa vyeo, mimi ndiye ninayeandaa orodha za makala zao, idadi ya mara walizonukuliwa, na ile fahirisi ya h iliyopendekezwa na Jorge Hirsch mwaka 2005, ambayo humpa mtu kumi iwapo ana makala kumi zilizonukuliwa kila moja angalau mara kumi. Mwezi huu nimeombwa kuwaeleza wanafunzi wa mwaka wa tatu namna ya kupima mchango wa mtafiti wa saratani, nikaona nisiende mbali wakati mfano mkubwa tunao hapa Afrika Mashariki: Denis Burkitt, mpasuaji kutoka Ireland aliyefanya kazi katika hospitali ya Mulago, Kampala, na ambaye jina lake limebaki katika ile saratani ya tezi inayovimbisha taya za watoto.

Nimeisoma upya makala yake ya 1958 katika British Journal of Surgery. Inaanza ukurasa wa 218 na kuishia wa 223. Mwandishi ni mmoja, wagonjwa ni 38, na kichwa chake kinauita ugonjwa huo sakoma (saratani ya mifupa, misuli na nyama zinazoshikamanisha mwili), jina ambalo wapatholojia walilikataa muda si mrefu baadaye. Ilipotoka haikuwashtua watu wengi. Hata hivyo leo sijaona kitabu cha saratani za watoto kisichomtaja mtu huyu.

Hoja yangu ni hii, na niko tayari kusahihishwa: kamati ya leo ikipewa makala hiyo peke yake, itamwambia Burkitt aende akaongeze machapisho kwanza. Je, uzito wake ulitoka katika maandishi yake, au ulitoka kwingine?

#2 Msomaji wa Kololo

Uzi mzuri, mkuu. Kwa maoni yangu jibu ni rahisi. Uzito wake umetokana na virusi. Burkitt ndiye aliyegundua virusi vya kwanza kujulikana kuwa vinahusika na saratani ya binadamu, na ugunduzi wa namna hiyo hauhitaji makala mia moja.

#3 Daktari Mstaafu

Ndugu yangu wa Kololo, hapo naomba nikusahihishe kwa heshima, kwa sababu kosa hilo nimelisikia hata kwa wanafunzi wangu wa zamani.

Burkitt hakugundua virusi. Tarehe 22 Machi 1961 alitoa mhadhara katika hospitali ya Middlesex, London, akieleza juu ya saratani ya watoto iliyoonekana sana katika Afrika ya joto. Miongoni mwa wasikilizaji alikuwamo Anthony Epstein, ambaye kwa miaka kadhaa alikuwa akishughulika na virusi vinavyosababisha uvimbe kwa kuku. Epstein aliposikia kwamba ugonjwa huu unaonekana kufuata joto na mvua, aliwaza mara moja kwamba huenda kuna kiini cha maambukizi, akaomba atumiwe vipande vya uvimbe kutoka Kampala. Vipande vilisafirishwa kwa ndege, na kwa muda mrefu hadubini ya elektroni haikuonesha kitu. Kisha mwishoni mwa 1963 ndege moja ilizuiwa na ukungu kutua London, ikapelekwa Manchester, na kichupa kikafika kwa kuchelewa maji yake yakiwa na ukungu pia. Walidhani ni bakteria. Walipochungulia waliona seli za uvimbe zimejitenga na kuelea zikiwa hai, na kutoka hapo wakaweza kuziotesha katika maabara.

Makala iliyotangaza virusi hivyo ilitoka katika Lancet Machi 1964, na waandishi wake ni watatu: Epstein, Bert Achong na Yvonne Barr. Jina la Burkitt halimo. Kwa hiyo, mkutubi, andika hili katika somo lako: makala iliyoubeba ugonjwa wake ukajulikana na dunia nzima haihesabiwi upande wake hata kidogo.

#4 Binti wa Wete

Shikamoo daktari. Nimefurahi kuona umemtaja Achong, kwa sababu watu husema "virusi vya Epstein na Barr" kana kwamba waliandika wawili. Yeye alizaliwa Trinidad, na kazi ya hadubini ya elektroni ilikuwa mikononi mwake. Seli zilipewa alama ya EB kwa herufi za Epstein na Barr, virusi vikafuata jina la seli, na mtu wa tatu akabaki nje. Barr naye alihamia Australia akawa mwalimu wa shule, hakuendelea na utafiti. Jina lake hutamkwa kila siku katika maabara za dunia, ilhali orodha ya makala zake ni fupi kuliko ya mhadhiri wa kawaida.

Ndugu wa Kololo, karibu tena, usiogope kusahihishwa. Humu ndani sote tumepitia hapo.

#5 Daktari Mstaafu

Marahaba, binti.

#6 Mkutubi wa Zamu

Daktari, umenifungua macho. Nikirudi kwenye fani yangu, kuna mambo mawili yanayoifanya hesabu ya manukuu ya Burkitt kuwa dhaifu.

Kwanza, faharasa ya kimataifa ya manukuu aliyoianzisha Eugene Garfield ilianza kuchapishwa mwaka 1964. Makala ya 1958 ilitoka wakati hakuna aliyekuwa akihesabu kwa utaratibu nani kamnukuu nani. Pili, jambo likishakuwa maarifa ya wote, watu huacha kumtaja aliyelisema kwanza. Mwanasosholojia Robert Merton aliliandikia jambo hili: mchango humezwa na fani hadi chanzo chake hakionekani. Daktari anayeandika leo "limfoma ya Burkitt", limfoma ikiwa ndiyo saratani ya tezi, haoni haja ya kuweka rejea ya 1958. Jina lenyewe limekuwa rejea, na hakuna mashine inayolihesabu.

Hapo ongezeni hilo la kichwa cha makala. Mtu akitafuta neno "limfoma" hataiona, maana kichwa kinasema "sakoma".

#7 Mwana wa Kano

Salaam kutoka Kisumu. Mimi si msomi wa vitabu hivyo, lakini ugonjwa huu naujua kwa karibu, kwa hiyo niruhusuni nieleze.

Mdogo wangu wa kiume alikuwa na miaka sita wakati meno yake ya nyuma yalipoanza kulegea. Mama alimpeleka katika kliniki moja ya meno, wakamng'oa jino, akarudi nyumbani. Baada ya siku chache likalegea la pili, wakang'oa tena. Wiki ya tatu shavu lilikuwa limevimba hadi jicho likaanza kusukumwa juu, na hapo ndipo mganga mmoja wa zahanati, ambaye alikuwa amepata kuona picha ya ugonjwa huu kwenye bango ukutani mahali alikosomea, akasema huyu mtoto asiguswe meno tena, apelekwe hospitali kubwa leo hii. Alichomwa sindano za dawa za saratani. Siku chache tu baadaye uvimbe ulikuwa unaonekana kupungua kwa macho, na sisi watoto tulikuwa tukienda kumtazama asubuhi kama watu wanaotazama maji ya mafuriko yakirudi ziwani. Leo ni baba wa watoto watatu.

Kwa hiyo mimi nikiulizwa uzito wa Burkitt umetoka wapi, nitajibu kwamba umetoka katika picha. Yule mganga hakuwahi kusoma jarida la Uingereza, lakini picha ilimfikia.

#8 Daktari Mstaafu

Mwana wa Kano, nakushukuru sana kwa kisa hicho, na namshukuru Mungu kwa ajili ya mdogo wako. Meno kulegea kwa mtoto mdogo bila sababu ndiyo dalili ambayo Burkitt mwenyewe aliisisitiza, na bado watoto wengi hupitia kwa mng'oa meno kwanza.

Umegusa pia jambo ambalo mkutubi hakuliweka kwenye hoja yake. Uvimbe huu ulikuwa miongoni mwa saratani za mwanzo kabisa kuonesha kwamba dawa pekee zinaweza kuponya. Pale Mulago Burkitt hakuwa na mashine ya mionzi, na upasuaji wa taya ulikuwa hausaidii, hivyo akajaribu dawa kama methotrexate na cyclophosphamide alizopewa na wenzake wa nje, huku Peter Clifford akifanya kazi kama hiyo Nairobi. Baadhi ya watoto walipona kwa dozi chache sana, nyingine ndogo kiasi kwamba wataalamu wa Ulaya na Marekani waliona vigumu kuamini. Mwaka 1967 kikafunguliwa kituo cha tiba ya limfoma pale Mulago kwa ushirikiano na taasisi ya saratani ya Marekani, John Ziegler akiwa mkurugenzi wa kwanza, na hicho ndicho kilichokua kuwa Uganda Cancer Institute. Ziegler alipoondoka mwaka 1972, katika kipindi kigumu cha nchi ile, Charles Olweny ndiye aliyeibeba taasisi.

Tuzo ya Lasker ya 1972, tuzo kubwa ya utafiti wa tiba huko Marekani, ilitolewa kwa kundi la watu waliothibitisha kwamba dawa zinaweza kuponya saratani, na Burkitt alikuwamo pamoja na Ziegler na Victor Anomah Ngu wa Kameruni. Ukiitazama tuzo hiyo utaona kwamba waliomtukuza walikuwa wakitazama watoto waliopona.

#9 Mchora Ramani

Nimesoma hoja zote nikaona mmeisahau ile ambayo kwangu ndiyo kubwa. Mimi kazi yangu ni ramani, na ninashikilia kwamba Burkitt alikuwa mtu wa jiografia aliyevaa koti la mpasuaji.

Kumbukeni ilivyoanza. Mwaka 1957 Hugh Trowell, daktari mwenzake wa Mulago, alimwita amtazame mtoto aliyevimba pande zote nne za taya. Burkitt hakuelewa anachokiona. Baada ya muda mfupi akawa Jinja, akatupa macho dirishani akamwona mtoto mwingine mwenye uso wa namna ile ile, akatoka mbio kwenda kumchunguza, akakuta na tumbo nalo lina uvimbe. Wengi wetu tungesema ni ajali mbili. Yeye alirudi akafukua majalada ya hospitali, kisha akatengeneza vipeperushi vyenye picha za wagonjwa akavituma kwa hospitali za serikali na za misheni barani, akiuliza swali moja tu: je, kwenu mnaona hiki? Kila jibu lililokuja alichomeka pini kwenye ramani iliyokuwa ukutani kwake.

Oktoba 1961 yeye, Ted Williams wa hospitali ya misheni ya Kuluva huko West Nile, ambaye alikuwa fundi wa magari pia, na Cliff Nelson waliondoka Kampala katika gari aina ya Ford lililonunuliwa likiwa limetumika, kwa pauni 250. Walizunguka wiki kumi, maili zipatazo 10,000, wakapita katika hospitali karibu 60, wakishuka kupitia Tanganyika hadi Afrika Kusini na kurudi. Tanganyika ilipata uhuru Desemba mwaka ule ule safari ikielekea mwisho, na mara nyingi huwa nafikiria watu hao watatu wakiuliza juu ya taya za watoto katika nchi iliyokuwa ikijiandaa kupandisha bendera. Walichokipata ni mpaka. Ugonjwa ulikuwa ukitoweka sehemu za juu sana na za baridi, na sehemu za ukame. Alexander Haddow, mtaalamu wa wadudu aliyekuwa katika taasisi ya virusi ya Entebbe, aliposoma mpaka huo aliona ni mpaka wa joto na mvua, akaandika kuhusu ramani iliyoboreshwa katika East African Medical Journal mwaka 1963.

Sasa nakuuliza wewe mkutubi: bila ramani hiyo Epstein angesikia nini kule London kilichomfanya asimame? Na makala ya Haddow, iliyotoka katika jarida la nyumbani, kamati zenu zinaipa alama ngapi?

#10 Mkutubi wa Zamu

Zinaipa alama kidogo sana, na hilo linaniuma. Jarida lisiloorodheshwa katika faharasa kubwa za nje huhesabiwa nusu au halihesabiwi kabisa. Nitaichapisha hoja yako kama ilivyo kwa wanafunzi.

Ila nina swali la tarehe. Mhadhara wa London ulikuwa Machi 1961, na safari ya gari ilikuwa Oktoba. Kwa hiyo Epstein hakuisikia ramani ya safari.

#11 Mchora Ramani

Nakubali, na umenibana vizuri. Ramani aliyoisikia Epstein ilikuwa ile ya vipeperushi na pini. Safari iliithibitisha na kuchora mpaka kwa usahihi. Hoja ya msingi inabaki pale pale.

#12 Mzee wa Tarime

Vijana, hamjambo. Mnaongea juu ya joto na mvua, yaani mazingira ya mbu, nami nina la kusema kwa sababu jaribio lilifanyika kwetu.

Mwaka 1977 hadi 1982, huku Mara Kaskazini, watoto waligawiwa vidonge vya klorokwini ili kuona kama malaria ikipungua, ugonjwa huu wa taya nao utapungua. Mimi nilikuwa miongoni mwa watoto hao. Nakumbuka uchungu wa kidonge kile ulimini, na mwasho uliowapata baadhi yetu usiku, tukajikuna hadi mama zetu wakatupaka mafuta. Tuliambiwa ni kwa ajili ya homa. Neno saratani sikulisikia hadi nilipokuwa mtu mzima, nilipoisoma ripoti ya Geser, Brubaker na Draper iliyotoka mwaka 1989.

Ripoti hiyo ilisema ugonjwa ulishuka wakati wa ugawaji na ukapanda tena baadaye, jambo ambalo lingependeza sana, lakini ilisema pia kwamba ulikuwa umeanza kushuka kabla vidonge havijaanza kutolewa, na malaria yenyewe ilianza kurudi kadiri vimelea vilivyozoea dawa. Kwa hiyo hadi leo jaribio letu hutajwa na pande zote mbili, wanaosema malaria ndiyo mshirika wa virusi na wanaosema ushahidi haujakamilika.

Nilitaka kuwauliza: katika hiyo orodha ya manukuu, sisi tuliomeza vidonge tunaandikwa safu gani?

#13 Binti wa Wete

Shikamoo mzee. Swali lako limenigusa.

Na sisi wa visiwani tumo katika hoja hiyo hiyo bila kujua. Zanzibar ilikuwa na mpango mkubwa wa kutokomeza malaria kati ya 1958 na 1968. Burkitt alipoandika mwaka 1969 kwamba huenda mbu haleti virusi vya saratani bali huleta malaria inayodhoofisha kinga ya mtoto, Unguja na Pemba zilikuwa sehemu ya ushahidi, kwa kuwa huku ugonjwa ulikuwa nadra kuliko bara iliyo jirani. Gilbert Dalldorf na wenzake walikuwa wameshaanza kuitazama njia hiyo mapema zaidi kwa takwimu za Kenya.

Ninachokiona cha ajabu ni kwamba Burkitt alikosea mara mbili kwa maandishi, kwanza alipouita ugonjwa sakoma, halafu alipodhani mbu anabeba virusi vyenyewe, na kila kosa lilifungua mlango ambao watu wengine walipita. Mkutubi, una kipimo cha makosa yenye manufaa?

#14 Mkulima wa Minyaa

Samahani kwa kuingilia. Nimewahi kusikia kwamba ule mti wa minyaa tunaoutumia kwa uzio, wenye utomvu mweupe, nao ulihusishwa na ugonjwa huu. Nyumbani kwetu ua mzima ni minyaa na watoto hucheza humo. Je, ni kweli?

#15 Daktari Mstaafu

Ndugu mkulima, ni kweli kwamba ulichunguzwa. Katika maabara utomvu wa minyaa huviamsha virusi vya Epstein na Barr ndani ya seli, ndiyo maana watafiti waliupendekeza kama mshirika wa tatu baada ya virusi na malaria. Kutoka maabara hadi ua wako ni safari ndefu, na uhusiano huo haujathibitika kwa namna ambayo ningekushauri ung'oe uzio. Utomvu ule ni hatari kwa macho, hilo halina ubishi, kwa hiyo watoto waelekezwe wasivunje matawi.

Virusi vyenyewe karibu kila mtoto wa kwetu huvipata akiwa mdogo sana, na walio wengi mno haviwadhuru. Ndiyo sababu watu wameendelea kutafuta mshirika. Kuanzia mwaka 1972 watafiti walichukua damu ya watoto wapatao 42,000 huko West Nile kabla hawajaugua, ili baadaye watazame waliougua walitofautianaje na wenzao.

#16 Msomaji wa Kololo

Safari hii nimejiandaa, daktari.

Mimi nadhani tumempa Burkitt zaidi ya anachostahili, na kosa si lake. Albert Cook alifungua hospitali ya Mengo mwaka 1897, na kumbukumbu zake zina watoto wenye uvimbe wa taya wa aina hii. Jack Davies, profesa wa patholojia hapa Makerere, alikuwa akiziona limfoma za watoto katika uchunguzi wake wa maiti, na ndiye mtu wa rejista ya saratani ya Kampala iliyoanza mwaka 1951. Gregory O'Conor, mpatholojia Mmarekani, akitumia rejista hiyo, alionesha kwamba karibu nusu ya saratani zote za watoto wa Kampala zilikuwa limfoma, na kwamba uvimbe wa taya, wa tumbo na wa figo ulikuwa ugonjwa mmoja. Yeye na Davies waliandika hayo mwaka 1960. Bila rejista Burkitt angekuwa na picha 38 na ramani yenye pini.

Merton yule yule aliyetajwa na mkutubi alisema pia kwamba mwenye jina huongezewa, na asiye na jina hunyang'anywa hata kidogo alichonacho. Ugonjwa ukishapewa jina la mtu mmoja, kila makala inayoandikwa juu yake humwongezea huyo huyo.

#17 Mchora Ramani

Sasa umeongea, ndugu wa Kololo. Hapo sina la kukupinga, ila naomba uongeze kwamba wenye majalada ya Cook na wenye maiti za Davies waliona mtoto mmoja mmoja. Burkitt aliuliza "ni wapi?", na swali hilo hakuna aliyekuwa ameliuliza.

#18 Mama Dona

Hodi humu ndani. Mimi ni mtaalamu wa lishe, na nashangaa kwamba posti kumi na saba zimepita bila mtu kutaja nusu ya pili ya maisha yake.

Burkitt alirudi Uingereza mwaka 1966, na kwa watu wa fani yangu yeye ni mtu wa makapimlo, yaani nyuzinyuzi za chakula. Alifuata mawazo ya Peter Cleave, akashirikiana na Trowell yule yule wa Mulago na Alexander Walker wa Afrika Kusini, akasema kwamba saratani ya utumbo mpana ilikuwa nadra vijijini Afrika kwa sababu watu walikula nafaka isiyokobolewa na kwenda haja kubwa mara kwa mara na kwa urahisi. Makala yake ya 1971 katika jarida la Cancer, na ile ya Lancet ya 1972 aliyoandika na Walker na Neil Painter, ambayo walipima muda chakula kinachotumia kupita tumboni na uzito wa choo cha watu wa jamii mbalimbali, zimewahangaisha watafiti kwa miaka hamsini. Njia yake ilikuwa ile ile ya vipeperushi: aliziandikia hospitali za misheni akiuliza mnaona nini na hamuoni nini.

Ushahidi wa baadaye haukumwendea moja kwa moja. Utafiti mkubwa wa wauguzi wa Marekani uliochapishwa mwaka 1999 haukuona kinga yoyote, jaribio la mwaka 2000 halikuzuia vinyama vya utumbo kurudi, kisha utafiti wa nchi kumi za Ulaya mwaka 2003 ukaona kinga. Mwaka 2015 Stephen O'Keefe na wenzake waliwabadilishia chakula kwa wiki mbili Wamarekani Weusi na wanavijiji wa Afrika Kusini, na dalili za hatari katika utumbo zikabadilika pande zote mbili. Nikimshauri mgonjwa wangu ale ugali wa dona badala ya sembe, mkono wa Burkitt umo katika ushauri huo, na simtaji.

#19 Takwimu Tu

Nimekaa kimya muda mrefu, sasa naomba nitetee kile ambacho nyote mnakishambulia.

Mnazungumza kana kwamba namba ndizo adui. Mimi nilifanya kazi mahali ambapo hapakuwa na namba. Mtu alipandishwa cheo kwa sababu mkuu wake alimpenda, na mwenzangu aliyekuwa na makala nne nzuri juu ya saratani ya mlango wa kizazi alikaa katika daraja moja miaka tisa, kwa kuwa hakuwa na wa kumsemea. Siku kamati ilipolazimishwa kuhesabu, alipanda ndani ya miezi mitatu. Kwake hesabu ya manukuu ilikuwa haki. Anayesema "mchango wa kweli hauhesabiki" aseme pia nani atakayeuamua, na kwa ushahidi gani.

Halafu Burkitt hakuwa mtu wa makala moja. Mwaka 1962 peke yake alichapisha juu ya mpaka wa tabianchi katika Nature na katika jarida la madaktari la Uingereza, akasimulia safari yake katika jarida la saratani, na mwaka 1970 akahariri kitabu kizima pamoja na Dennis Wright. Kamati ya leo isingemrudisha nyumbani. Ingemwona mtu anayechapisha mahali pakubwa, kila mwaka, katika fani mbili. Mkutubi ameanza na makala ya 1958 kwa kuwa ni fupi na inapendeza kusimulia.

#20 Mkutubi wa Zamu

Takwimu, hoja yako juu ya mwenzako ni nzito, na nitaiweka mbele ya wanafunzi kabla ya hoja yangu. Ni kweli pia kwamba nilianza na makala ya 1958 kwa kuwa inasimulika. Hata hivyo kamati niijuayo mimi ingemwuliza mwaka 1959, kabla ya hayo yote, naye angekuwa na kurasa sita na ombi la fedha za kuzungukia hospitali kwa gari kuukuu. Tunapowapima vijana tunawapima wakiwa katika mwaka wao wa 1959.

#21 Takwimu Tu

Hilo la mwaka wa 1959 nalichukua, nitalifikiria. Safari nzima, hata hivyo, iligharimu pauni 678 tu. Huenda swali lako si la kamati ya vyeo, ni la nani anatoa fedha ndogo kwa swali lisilo na jibu la haraka.

#22 Mwana wa Kano

Na mimi niongeze moja kwa mkutubi. Ukiwafundisha wanafunzi, waoneshe ile picha ya mtoto iliyomo katika makala. Wapo watakaopangiwa zahanati.

#23 Mkutubi wa Zamu

Nitafanya hivyo. Nimeomba nakala za makala nne: ya Burkitt ya 1958, ya Epstein, Achong na Barr ya 1964, ya Haddow ya 1963 kutoka jarida letu la Afrika Mashariki, na ripoti ya Mara ya 1989, ambayo pembeni yake nitaandika swali la Mzee wa Tarime kama alivyoliuliza. Somo ni Jumatano saa nne asubuhi. Asanteni nyote.

#24 Msomaji wa Kololo

Mkuu, na ya O'Conor na Davies ya 1960 umeiacha tena?